Okestra Haimsubiri Mwimbaji

Waliopitia kwaya za shule, za vyuo na za makanisa Afrika Mashariki wanaifahamu Haleluya ya Handel, hata kama hawajawahi kuisikia ikiimbwa jinsi ilivyotungwa. Karatasi za solfa zimerudufiwa mara nyingi hadi herufi zimefifia. Mwalimu anakaa kwenye kinanda na kutoa sauti, soprano wanalalamika kwamba iko juu, naye anabonyeza kitufe kinachoshusha ufunguo nusu toni, mazoezi yanaendelea. Kwaya ikijivuta, kinanda kinajivuta nayo. Ikikimbia, mpigaji anaikimbilia. Wimbo unatoka, tena mara nyingi unatoka vizuri sana, maana watu wetu wana sauti na wana masikio. Lakini kuna somo moja ambalo mwimbaji wa namna hii halipati hata akiimba miaka ishirini, nalo ni kuimba pamoja na kitu kisichoweza kumfuata. Okestra kamili ndiyo inayofundisha somo hilo. Hoja yangu ni kwamba kila mwanafunzi anayeimba kwaya chuoni, hasa anayesomea ualimu, anastahili kulipata walau mara moja kabla hajahitimu, na kwamba tunakosea tunapoliona kuwa anasa ya nchi tajiri.

Tuanze na kile kitufe. Handel aliandika Messiah, kazi ndefu ambayo Haleluya ni sehemu yake, mwaka 1741 kwa siku 24, na ikapigwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Haleluya aliiweka katika ufunguo wa D kwa sababu iliyokuwa ndani ya vyombo vyenyewe. Tarumbeta za wakati ule hazikuwa na vitufe. Zilikuwa bomba refu la shaba nyeupe au ya manjano lenye sauti za asili za ufunguo mmoja tu, na tarumbeta alizozitumia zilikuwa za D. Timpani zake mbili zilikazwa kwa D na A. Fidla nayo ina nyuzi nne, na mbili kati yake, D na A, zikipigwa wazi bila kukandamizwa na kidole, ubao wote hulia. Kwa hiyo mng'ao tunaousikia katika Haleluya umetoka kwenye shaba, ngozi na mbao zilizokubaliana kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mwanafunzi aliyezoea kushushiwa anapokutana na hali hii hutambua jambo jipya: kuna makubaliano yaliyofanyika bila yeye, na ni yeye anayepaswa kuyafikia. Kabla ya kuanza, oboi, ambayo watu wa pwani wataitambua mara moja kuwa ni ndugu wa zumari, hutoa sauti moja ya A, na wapigaji wote hukaza au kulegeza vyombo vyao kuifuata. Kwaya isiyo na chombo huweza kuteleza kidogokidogo kutoka ubeti hadi ubeti, ikamaliza chini ya pale ilipoanzia, na wala mtu asijue. Mbele ya okestra mteremko huo husikika palepale.

Jambo la pili ni umbali, na hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha hoja. Kwaya kubwa hupangwa nyuma ya okestra. Mwongozaji yuko mbele, fidla za kwanza ziko ubavuni mwake, na mwimbaji wa besi aliye safu ya mwisho anaweza kuwa mita 20 kutoka hapo. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mlio wa fidla humfikia besi baada ya sekunde 0.06 hivi. Kama besi atangoja ausikie ndipo aimbe, sauti yake nayo itachukua muda uleule kurudi mbele, na mwongozaji ataisikia ikiwa imechelewa sekunde 0.12. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni karibu robo ya pigo. Kwa masikio ya msikilizaji aliye ukumbini, kwaya inaonekana inaburuza miguu, ilhali kila mwimbaji aliyemo anaapa kwamba alikuwa sawa kabisa na muziki. Na wote wanasema kweli! Sikio la kila mmoja limemwambia ukweli wa mahali aliposimama, na ukweli huo haufanani na wa mwenzake wa upande wa pili wa jukwaa. Dawa ni moja tu. Macho hupata habari papo hapo, kwa hiyo mwimbaji lazima aimbe kwa kuufuata mkono anaouona, hata kama sikio linamwambia kwamba anawatangulia wapigaji.

Tafakari ugumu wa jambo hilo kwa kijana wa miaka ishirini. Tangu utotoni ameambiwa asikilize ndipo aimbe. Sasa anaambiwa aendelee kusikiliza, maana asipofanya hivyo sauti yake haitachanganyika na za wenzake, lakini asilipe sikio neno la mwisho. Kwaya za vyuo vilivyo na desturi hii hufanya mazoezi kwa wiki nyingi zikiwa na piano, na okestra huja mwishoni, pengine kwa mazoezi mawili au matatu tu kabla ya onyesho. Ndipo mambo yaliyodhaniwa kuwa yamekwisha yanapoanza kuvurugika. Alto aliyekuwa akiipata sauti yake kwa kuisikia piano ikimpigia haipati tena, kwa sababu sauti ileile sasa imefichwa ndani ya chelo na basuni. Tena amezungukwa na vishindo: pembe na tarumbeta ziko hatua chache mbele yake, na hajisikii mwenyewe. Wengi hujibu kwa kupiga kelele, na kelele hiyo huwachosha kabla ya nusu ya kazi. Wanaosaidika ni wale waliokwisha kuijua sehemu yao mwilini, wakajua shingo na mbavu zinakaaje sauti inapokuwa sahihi, wasihitaji kujisikia ndipo waamini.

Kuna watakaosema kwamba solfa zetu ndizo zinazotuzuia, kwamba mtu asiyesoma nota za mistari mitano hawezi kusimama na okestra. Sikubaliani nao. Mfumo wa solfa, aliouanzisha Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na John Curwen huko Uingereza, ulilenga hasa kuwawezesha watu wa kawaida kuimba katika makundi makubwa, na mwaka 1857 kwaya ya maelfu ya watoto waliofunzwa solfa iliimba Crystal Palace, London. Messiah yenyewe ilichapwa kwa solfa. Upungufu wa karatasi ya solfa uko mahali pengine: haionyeshi nini kinaendelea kwaya inaponyamaza. Mwimbaji anaona alama za kimya, basi. Penseli inatosha kuliponya hilo. Anayehesabu kimya cha mapigo 24 na akaandika pembeni kwamba tarumbeta zitalia mara mbili kabla hajaingia, tayari ameanza kuusoma muziki wa wenzake na siyo wake peke yake.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini nisiseme hivyohivyo kuhusu muziki uliorekodiwa? Siku hizi kwaya nyingi huimba juu ya plebeki, na plebeki haimsubiri mtu. Haina huruma hata kidogo. Kama faida ni kuimba na kitu kisichokufuata, basi spika mbili na simu vinatosha, na gharama zimeisha. Pingamizi hili linanilazimisha nilinoe neno langu. Okestra haimsubiri mwimbaji mmoja mmoja, lakini inasikia. Wapigaji 60 nao wanautazama mkono uleule, nao wana pumzi, nao hupunguza nguvu wanapoona maneno ya kwaya yanazama, nao huongeza pale mwongozaji anaporefusha sauti kwa sababu ukumbi wa usiku huo una mwangwi. Plebeki ni saa ya ukutani. Haitofautishi kati ya kwaya iliyoimba vizuri na iliyoimba vibaya, na mwimbaji hana deni kwake. Okestra ni kundi la watu wenye kazi ngumu kama yako, uliowapa ahadi ya kuingia pale mlipokubaliana. Kutosubiriwa na mashine humfanya mtu akimbizane nayo. Anapokuwa hasubiriwi na watu wanaomtegemea, mtu hujiandaa.

Je, basi, huu si utiifu wa gwaride? Historia ya kazi maarufu kuliko zote za aina hii inajibu vizuri. Simfonia ya Tisa ya Beethoven ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824. Mtunzi alikuwa kiziwi, lakini alisimama mbele akionyesha mwendo. Mwongozaji halisi alikuwa Michael Umlauf, naye alikuwa amekwisha kuwaagiza wapigaji na waimbaji wasizifuate ishara za Beethoven. Walimheshimu kuliko mtu yeyote ukumbini, na hawakumfuata, kwa sababu muda wa pamoja haukuwa mkononi mwake tena. Soprano wa usiku ule, Henriette Sontag, alikuwa na miaka 18, na alto, Caroline Unger, miaka 20, umri wa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza na wa pili. Muziki ulipokwisha Beethoven hakuzisikia shangwe zilizokuwa nyuma yake, na inasimuliwa kwamba ni Unger aliyemshika na kumgeuza ili azione. Hilo si tendo la askari wa gwaride, bali la mtu aliyejua nani amfuate, kwa jambo gani na hadi lini.

Kazi hiyohiyo inatupa mfano wa jambo ambalo sauti moja haiwezi hata ingekuwa nzuri namna gani. Kwaya hukaa kimya kwa sehemu tatu za mwanzo, karibu dakika 45, koo zikikauka, kisha husimama na kudaiwa nguvu zote. Mahali fulani soprano hutakiwa kuishikilia A ya juu, kwa nguvu, muda mrefu kuliko pumzi ya mtu wa kawaida inavyobeba kwa raha. Siri ni kupokezana. Kila mmoja huchagua mahali pake pa kuvuta hewa, mbali na pale anapovuta jirani, huondoka taratibu na kurudi taratibu, na ukumbini inasikika sauti moja isiyo na mshono. Hakuna hata mmoja aliyeishikilia mwanzo hadi mwisho, na bado iliimbwa yote. Mwanafunzi mwenye sauti ya kawaida, ambaye hatapewa solo maisha yake yote, hapo ameifanya kazi ambayo mwimbaji wa opera akiwa peke yake asingeifanya.

Hapo ndipo mwenye shaka atasema: na mvivu je? Ukiwa mmoja kati ya 200, unaweza kufungua kinywa tu. Shaka hii ina ushahidi. Mwaka 1913 mhandisi Mfaransa Maximilien Ringelmann alichapisha vipimo vya watu waliovuta kamba, vilivyoonyesha kwamba kadiri walivyoongezeka ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake wa Ohio State University waliwaambia wanafunzi wapige makofi na kelele wakiwa peke yao na wakiwa kundini, na kundini kila mmoja alitoa kelele pungufu. Lakini tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba uvivu huo hupungua pale mtu anapoona kazi ina maana na mchango wake hauna mbadala. Kamba haina besi wala teno. Kila mvutaji ni sawa na mwingine. Kwaya ina sauti nne, na katika nyimbo ambazo sauti zinafukuzana, moja ikianza na nyingine zikiidaka, kuna nyakati teno 30 wanasimama peke yao juu ya okestra nzima. Kumi wakinyamaza hapo, hata asiyejua muziki atageuza shingo. Kelele za makofi hazina mlango wa kuingilia. Wimbo unao, na ukikosea mlango huwezi kujificha.

Na mwili wenyewe unashuhudia kwamba watu hawapotei kwenye umati wa namna hii. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Sweden, waliwapima mapigo ya moyo vijana 15 wa miaka 18 walipokuwa wakiimba pamoja, na wakaona mioyo ikienda kasi na kupunguza kwa pamoja, kwa sababu mishororo ya wimbo ndiyo iliyopanga pumzi zao. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa London uliolinganisha vikundi vya waimbaji 20 hadi 80 na mkusanyiko wao mkubwa wa watu 232. Hisia ya ukaribu iliongezeka hata katika lile kundi kubwa ambamo wengi hawakujuana, tena ikaongezeka zaidi kuliko katika vikundi vidogo. Tafiti hizi hazikuhusu okestra, na sitazisemesha zaidi ya zilichosema. Zinaondoa tu ule wasiwasi kwamba ukubwa unaua undugu.

Lipo pia neno la ugeni: kwamba fidla na chelo ni vitu vya Ulaya, na mwanafunzi wetu angefundishwa vyake. Anayesema hivyo aende Unguja. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club ikafuata mwaka 1958, na kwa miongo mingi safu za fidla, pamoja na chelo, besi, ganuni na udi, zimekuwa zikisindikiza waitikiaji wanaoimba kwa sauti moja. Okestra kubwa yenye kwaya ni sehemu ya historia ya Kiswahili chenyewe. Na lugha yetu inafaa mno kwa kwaya kubwa. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu. Waongozaji wa kwaya za Kijerumani na Kiingereza hutumia saa nyingi kuwafundisha watu 200 wafunge "s" au "t" ya mwisho kwa wakati mmoja, la sivyo hutoka kama nyoka waliotawanyika. Sisi vinywa vyetu hubaki wazi. Pengine ndiyo sababu Baba Yetu, sala ya Bwana kwa Kiswahili iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005, ikaimbwa kwanza na Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Stanford, na mwaka 2011 ikapata tuzo ya Grammy, imependwa na kwaya za wanafunzi mabara mengi, mara nyingi na okestra kamili. Wanajifunza irabu zetu moja moja. Inaniuma kwamba mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret, ambaye sala hiyo aliisoma akiwa bado hajajua kuandika, akitaka kuiimba ataiimba juu ya rekodi.

Fedha, basi. Hapa sitabisha kwamba hakuna tatizo. Okestra ya Beethoven inahitaji watu wengi na vyombo ghali, na okestra mbovu isiyokaza vyombo inaweza kuharibu kwaya nzuri. Ila Messiah inapigwa vizuri na watu 20 hadi 25: fidla, viola, chelo na besi chache, oboi mbili, basuni, tarumbeta mbili, timpani na kinanda. Kwa idadi hiyo kwaya nayo ipungue, iwe watu 80 hivi, la sivyo itazimeza fidla. Wapuliza tarumbeta tunao, katika bendi za polisi na za majeshi, katika matarumbeta ya Walutheri, katika Jeshi la Wokovu. Nyuzi ndizo haba, lakini hazikosekani: Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries tangu 2002, Nairobi kuna Conservatoire tangu 1944, na katika mtaa wa Korogocho, hukohuko Nairobi, mradi wa Ghetto Classics, ulioanza 2008, umewaweka watoto wa mtaa huo kwenye viti vya okestra. Vyuo vitatu vikiungana mara moja kwa mwaka, kwaya kutoka vyote na wapigaji wa kukusanywa, jambo linawezekana.

Nasema linawezekana kwa sababu limefanyika mahali pagumu zaidi. Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya Kanisa la Kimbanguiste, kanisa lililotokana na babu yake Simon Kimbangu. Hapo mwanzo wapigaji walikuwa wakipokezana fidla chache kwa zamu, na uzi ukikatika waya wa breki ya baiskeli ulichukua nafasi yake. Filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 inawaonyesha, kwaya na okestra, wakijiandaa kwa Simfonia ya Tisa, wakijifunza maneno ya Kijerumani silabi kwa silabi baada ya kazi za mchana. Hawakusubiri vyombo vikamilike ndipo waanze. Walianza, na vyombo vikafuata.

Kwa nini nasisitiza wanafunzi, tena wa ualimu? Kwa sababu watu wazima wana ratiba zisizokutana, na watoto hawajawa na sauti za kustahimili shaba. Chuoni kuna mamia ya vijana mahali pamoja, sauti zimekomaa, na kila muhula una mwisho unaojulikana. Kisha hao watatawanyika kwenda Kigoma, Lamu na Mtwara, na kila mmoja ataanzisha kwaya shuleni kwake, kwa kinanda kilekile chenye kitufe. Atakayekuwa ameimba na okestra atakitumia tofauti. Atawaambia watoto wamtazame, atawahesabisha kimya, na soprano wakilalamika atawafundisha kupumua kabla ya kushusha.

Kuna mahali karibu na mwisho wa Haleluya panapoonyesha yote haya. Neno linarudiwa kwa kasi, tarumbeta ziko juu kabisa, timpani zinangurumisha sakafu, kisha kila kitu kinakatika kwa mpigo mmoja. Mpiga timpani, aliyengoja zaidi ya saa moja na nusu bila kugusa ngozi hadi wimbo huu, anatandaza viganja juu yake kuuzima mtetemo. Pinde za fidla zimesimama hewani. Waimbaji wana midomo wazi na pumzi iliyokwisha kuvutwa, na soprano mmoja tu akijisahau kimya chote kitapasuka. Sikio halina la kumwambia mtu hapo. Wote wanautazama mkono, nao bado haujashuka.